Firigisi za Mama

Bondeni, Kongwa
6 Januari 2024

Shemeji Nathanaeli,

Salamu zako nimezipata na maneno yako makali nimeyapata pia, maana Cornel kondakta ni mtu mwaminifu, ukimtuma hapunguzi kitu. Alishuka hapa na mfuko wako wa mbegu begani, akasimama mlangoni pangu, akasema shemeji yangu anasema nikiwaachia tena kuku waingie shambani kwake nitaona. Nikamuuliza nitaona nini. Akasema hilo hakutumwa.

Basi nakujibu kwa maandishi. Simu yangu unajua iliingia kwenye mtungi wa maji, na hata ingekuwa nzima, mimi sipandi tena kile kilima kutafuta mtandao. Mtu mzima nisimame juu ya jiwe nikipayuka mambo ya nyumbani, wachunga mbuzi wote wananisikiliza? Nilifundisha chekechea miaka mingi, kalamu bado inanitii.

Kuku wangu nawaachia huru, ni kweli, sikatai. Niwafungie niwalishe nini? Wakifunguliwa asubuhi wanajitafutia. Mvua ikinyesha wanakula kumbikumbi, jua likiwaka wanachakura mchwa, jioni wanarudi wenyewe jikoni bila kuitwa. Hasara zipo, nazijua kuliko wewe. Mwewe amenichukulia vifaranga, kicheche amenikatia tetea shingo ukutani hapa hapa. Lakini wanaobaki wanataga, na mayai yao ndiyo yanayomnunulia mama dawa ya presha. Mama huyo ni wako kabla hajawa wangu.

Kwamba wamekufukulia karanga, hilo pia ni kweli. Niliwaona wakifuata mstari kana kwamba wewe ndiye uliyewawekea, nikawatimua kwa fagio. Ila na wewe, shamba umelileta mpaka mlangoni pangu. Mstari wako wa mwisho uko pale ninapomwaga maji ya vyombo. Kuku atajuaje mpaka uko wapi?

Mama hajambo, ila chakula hakimpiti. Mlenda anautazama tu. Anachokubali siku hizi ni firigisi. Tangu kaka yako afariki, firigisi za nyumba hii nampa yeye, maana kwetu firigisi ni ya mkubwa wa nyumba, na mkubwa aliyebaki ni yeye. Nazichemsha mpaka zinalainika kabisa, meno yake yamebaki ya kuchekea tu. Anauliza utakuja lini.

Shemeji yako,
Edina


Chimwaga, Dodoma
10 Januari 2024

Bi Edina,

YAH: KUKU WAKO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yako nimeisoma nikiwa lindoni, nikairudia. Sijaona mahali ulipoomba radhi.

Nimepanda mara mbili. Mara ya kwanza walifukua karanga zikiwa bado kavu, mara ya pili walingoja zichipue. Mbegu hizo nilizinunua kwa mshahara wa kukesha kwenye geti la mabweni ya watu, huku wanafunzi wanaolingana na mwanangu wananiita "mzee" kwa dharau. Nilishawaambia watoto wangu kuwa karanga hizi ndizo zitakazowapeleka shule. Sasa niwaambie zimekwenda kwenye matumbo ya kuku wa mama mkubwa?

Huku chuoni nimeona kuku wanavyofugwa. Wako ndani ya banda, wana wavu, wana maji safi, hakuna anayetoka. Huo ndio ufugaji. Hiyo ya kwako ni kuachia mali izurure halafu majirani ndio waichunge.

Na tukumbushane jambo. Ardhi hiyo ni ya marehemu baba. Uko hapo kwa heshima ya kaka yangu, nami heshima hiyo sijaiondoa. Usinifikishe mahali nikaanza kuifikiria upya.

Jumamosi nakuja kupanda kwa mara ya tatu na ya mwisho. Kuku wafungwe. Nikikuta hata mmoja shambani, nisilaumiwe.

Mwambie mama namletea sukari.

Wako,
Nathanaeli


Bondeni, Kongwa
15 Januari 2024

Shemeji,

Umekuja, umepanda, umeondoka. Uliniona niliwafunga, kila mmoja kwa kitambaa mguuni, wote wamelala vumbini wakinitazama kama wafungwa. Hukusema hata ahsante.

Hilo langu nalimeza. La mama linaniuma. Sukari umemwachia mezani, halafu Jumapili ukaondoka alfajiri bila kumuaga. Alikuwa amekuwekea uji, nikamkalisha nao mlangoni ukapoa, akauliza kama umekwenda shambani. Nikamwambia ndiyo. Baadaye akauliza tena. Nikajibu nilivyoweza.

Sasa nisikie kabla Cornel hajakusimulia. Kuku nimewafungua. Jana mchana mwewe alishuka akamkuta yule tetea mweupe kwenye kamba. Angekuwa huru angekimbilia chini ya kichanja cha vyombo, hiyo wanaijua. Alihangaika na kamba mpaka kikabaki kitambaa na mguu. Nimelia kwa ajili ya kuku, shemeji, cheka ukitaka.

Kwa hiyo nimewaachia, na mimi mwenyewe nakaa mpakani na fagio tangu asubuhi. Siwezi kuwa hapo muda wote, kuna maji ya kuchota na mama wa kumgeuza. Lakini najitahidi. Tuvumiliane mpaka karanga zishike majani, zikishakua hawazigusi.

Anayebaki jikoni ni mmoja tu, yule tetea mwenye kishungi, ameanza leo kulalia mayai. Huyo hana kesi na wewe.

Edina


Bondeni, Kongwa
18 Januari 2024, asubuhi

Shemeji Nathanaeli,

Umeshinda. Kuku wamekwisha.

Kideri kimeingia. Jana adhuhuri nilirudi kisimani nikamkuta jogoo amepinda shingo, miguu inatetemeka, mate yanamtoka. Nikageuka, tetea wawili wamelala ubavu. Unajua tunavyofanya huku, kuku wa kideri hangojwi afe, anawahiwa kisu akiwa bado anapumua. Nilichinja mpaka mkono ukachoka. Wengine waliniangukia pale pale mpakani kwako, wengine walijikokota mpaka mlangoni. Mazao ya miaka yote yameisha kabla kivuli hakijageuka.

Nyama imekuwa nyingi kuliko midomo. Nimefanya kama ilivyo kawaida, kila jirani nimempelekea bakuli. Mama nimempa firigisi zote na maini yote, za kuku wote, hajapata kuona kitu kama hicho tangu azaliwe. Amekula jana jioni akacheka kama msichana, nyingine nimemfunikia ataamkia kesho. Na wewe nimekubanikia kuku mzima, huyo hapo kwenye mfuko, Cornel nimempa ale shingo njiani kwa taabu yake lakini amekataa, anasema ameshashiba. Wape watoto, waambie ni wa mama mkubwa.

Kitu kimoja kimenishangaza. Kuku wa kideri huwa anakataa kula. Hawa nilipowapasua nimekuta mfuko wa shingoni umejaa mtama, na ndani ya firigisi mtama vilevile. Msimu huu nani ana mtama wa kumwaga? Tena una ubuluu, nikasema labda ni ukungu, nikasuuza vizuri.

Basi shamba lako limepona. Sitafuga tena mpaka uvune, nakuahidi. Tusigombane tena, Nathanaeli. Tumebaki wachache.

Edina


Chimwaga, Dodoma
18 Januari 2024, jioni

Edina,

Usile hiyo nyama. Mtu yeyote asile. Ifukie shimo refu, na supu umwage, na sufuria uisugue kwa majivu. Mama usimpe kabisa. Alizobakiza zitupe sasa hivi ukisoma hapa.

Nimesikia kwa watu wa mifugo hapa chuoni kuwa kideri cha mwaka huu ni kibaya, kinashika mpaka binadamu. Ndiyo sababu nakuandikia. Hakuna sababu nyingine.

Nimepiga simu ya baba mdogo Ludovick, haipatikani. Nina zamu ya usiku na ya kesho, siwezi kutoka. Cornel anarudi huko asubuhi, nimemwambia asisimame popote, akupe wewe mkononi.

Nijibu haraka mama anaendeleaje.

N.


Bondeni, Kongwa
4 Februari 2024

Shemeji Nathanaeli,

Sikukuandikia baada ya mazishi kwa sababu sikuwa na la kusema ambalo hukuliona kwa macho yako. Uliona kaburi. Uliona wanawake walivyosogeza mikeka yao nilipokaa.

Barua yako ilifika mama tumeshamfunika shuka. Aliamka asubuhi ile akaomba zilizobaki, akazila zote, akalamba vidole. Jua lilipopanda akaanza kutoka jasho, mate yakamtoka, mikono ikatetemeka. Nilimwona na nikajua nilishaona kitu hicho, lakini akili ilikataa. Tulimpakia kwenye pikipiki tukielekea zahanati, akafia mikononi mwangu kabla ya daraja. Daktari akasema amekula kitu kibaya. Majirani waliokula minofu waliumwa matumbo wakapona, mimi mwenyewe nilitapika siku nzima. Ni yeye tu. Ni yeye niliyempa firigisi zote.

Sasa sikia walipofikia. Baba mdogo Ludovick alikaa na ukoo, nawe ulikuwepo, uliketi karibu na mlango. Wakaniuliza nilimpa mama nini. Nikasema kuku wa kideri, kama tunavyokula siku zote. Nikatoa barua yako ili waone kuwa kideri cha mwaka huu kinaua watu. Nilidhani itanisaidia. Baba mdogo akaenda kumuuliza bwana mifugo, naye akacheka, akasema kideri hakijawahi kuua mtu, wala si cha mwaka huu wala cha mwaka wowote. Basi wakarudi na jibu lao: kama si kideri, kuna mkono wa mtu, na bakuli lilitoka kwa Edina.

Wananiambia nilimchoka mama. Wananiambia nilitaka ardhi. Nimemgeuza kitandani miaka yote hiyo, nimemwogesha, nimemtafunia chakula alipougua meno, leo mimi ndiye muuaji wake. Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi niondoke kwenye nyumba ya mume wangu. Wapo wanaosema nipelekwe polisi, baba mdogo anawatuliza kwanza. Kikao cha mwisho ni Jumamosi ya tarehe ishirini na nne.

Nathanaeli, wewe hukufungua mdomo. Nilikutazama ukawa unatazama viatu vyako. Wewe ndiye mtoto pekee aliyebaki, neno lako moja lingetosha. Sema tu unanijua. Sema, "Edina hawezi." Sikuombi zaidi ya hapo.

Lipo neno ambalo mama alilisema kuhusu nyama ile, nami sikulitaja kikaoni kwa ajili ya kukulinda wewe, lisije likaeleweka vibaya. Naomba usinifanye nijute.

Edina


Chimwaga, Dodoma
9 Februari 2024

Bi Edina,

YAH: SUALA LA KIKAO

Barua yako nimeipokea.

Naomba uelewe kuwa na mimi nimefiwa. Nimempoteza mama. Watu wanapokuwa na uchungu wanasema mengi, ukiyafuata yote utaumia bure. Kikaoni nilinyamaza kwa sababu mdogo hasemi mbele ya wazee bila kupewa nafasi.

Habari ya kideri niliisikia kwa mtu, huenda alikosea. Hilo tuliache.

Nimefikiria njia nzuri kwa wote. Hapa Dodoma kuna vyumba vya bei ndogo, nitakutafutia kimoja na kodi nitakusaidia. Utafanya biashara ndogondogo, wanafunzi wananunua sana mihogo na maandazi. Ukiondoka mwenyewe kwa hiari, kelele zitakufa, polisi hawatatajwa, na baadaye nitaongea na baba mdogo taratibu. Baada ya mavuno.

Nilimtuma mtu apite shambani, anasema karanga zimeshika vizuri safari hii.

Tumwache mama apumzike.

Nathanaeli


Bondeni, Kongwa
20 Februari 2024

Nathanaeli,

Yule kishungi ametotoa. Nilikuwa nimemsahau na msiba wangu, ameshinda jikoni gizani akilalia mayai yake wakati wenzake wote wanakufa, na siku chache baada ya barua yangu iliyopita nikasikia vifaranga. Nikamfungulia mlango. Sikuwa na moyo wa kumfunga, nikasema acha atembee, mimi na yeye tutahama pamoja.

Alikwenda moja kwa moja mpakani kwako na watoto wake. Nikamfuata na fagio, ahadi ni ahadi. Pale kwenye mstari wa mwisho, ninapomwaga maji ya vyombo, nikamkuta anachakura chini ya majani ya karanga. Nikainama nione anachotafuta. Ni mtama. Mvua imeufukia, lakini uliokuwa chini ya jiwe umebaki mkavu, una ubuluu uleule niliouona ndani ya firigisi. Nilimnyanyua kuku kwa bawa, vifaranga nikavizoa kwa kanga, nikakimbia. Niliporudi nikatembea mstari mzima. Upo urefu wote, upande wa kwangu tu. Kuna ndege wawili, tetere, wamekaukia pale pale, mchwa wamewala macho.

Shamba la karanga, Nathanaeli. Nani alipanda mtama?

Nilikaa chini. Nilikuwa natafuta mtu mwingine wa kumpa lawama, jirani, mpita njia, mtoto mtundu. Mpaka Cornel aliposhuka na barua yako ya chumba cha kupanga, nikamuuliza, ile siku nilipokutumia kuku wa kubanikwa, watoto walifurahi? Cornel akasema hawakula. Akasema ulisimama getini ukisoma barua yangu, mtoto wako mdogo ameshafungua mfuko na amekamata paja. Hukumaliza kusoma. Ulimrukia ukamnyang'anya, ukampiga na kofi mkononi, ukamtumbukiza kuku kwenye pipa la takataka, ukamvuta mtoto bombani ukamnawisha mpaka viwiko. Halafu ndiyo ukamalizia kusoma. Halafu ukaomba kalamu.

Hapo ndipo nilipojua. Hukusikia kitu kwa watu wa mifugo, hukuwa na muda wa kusikia.

Sikia, mimi sisemi ulitaka kumuua mama. Ulitaka kuua kuku. Hata hilo ningelimeza, nilijua umechoka, na kuku wangu walikukosea kweli. Ungekuja ukaniambia "Edina, nimewawekea dawa," tungetukanana, tungefukia nyama, mama angekula mlenda wake akanung'unika. Umezaliwa hapa. Unajua kuku akianguka tunakimbilia kisu. Unajua bakuli linaanza kwa nani. Unajua firigisi ni za nani.

Na ile jioni uliposoma barua yangu, niliandika humo kuwa nyingine nimemfunikia ataamkia. Uliisoma hiyo. Pikipiki ikitoka Dodoma jioni inafika hapa watu hawajaamka. Watoto wako uliwanyang'anya kwa mkono wako mwenyewe. Mama yako ukamwandikia barua.

Sasa nakuambia lile neno nililolificha. Jumapili ile ulipoondoka bila kuaga, mama hakula siku mbili. Alikuwa anasema, "Nathanaeli amenikasirikia, sijui nimemfanya nini." Mimi nilishindwa kumtazama. Kwa hiyo nilipompelekea bakuli la firigisi nilimdanganya. Nilimwambia zimetoka kwako. Nilisema umemtuma mtu anunue kuku, ukaagiza firigisi zote apewe mama na mtu mwingine asionje. Alishika bakuli kwa mikono miwili. Munira jirani yetu alikuwepo ameleta kuni, na yeye mama akamwonyesha, akasema, "Mwanangu ameniletea hizi." Akakuombea na watoto wako kwa majina, wote, kisha ndiyo akaanza kula. Asubuhi ile ya mwisho alipozitaka zilizobaki alisema hataki kutupa kitu chako.

Kikaoni Munira alinitazama akingoja nimruhusu kusema. Nilimkonyeza anyamaze. Nilifikiri, wewe huna hatia, wakisikia hivyo watakugeukia wewe kwa uongo wangu. Nilikuwa nakulinda kwa ajili ya jambo nililodhani nimelitunga.

Mtama nimeufunga kwenye kitambaa, nimempelekea bwana mifugo. Hakucheka safari hii. Jumamosi atakuja kikaoni, na Munira atakuja, na mimi nitasimama niseme ya mama kama alivyoyasema, sitaongeza na sitapunguza. Baba mdogo atauliza maneno hayo yana maana gani. Ningependa awepo wa kumjibu.

Mimi siondoki nyumbani kwa mume wangu. Kishungi na vifaranga wake nimewafunika kwa tenga mpaka mvua zisafishe mpaka wote, kisha nitawaachia tena, huru kama walivyokuwa mama zao. Karanga zako zimetoa maua. Zimependeza kweli, nimezitazama leo asubuhi nikatamani kuzing'oa, nikaziacha.

Usijibu barua hii. Panda basi.

Edina